Baki

Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo,
tone, tone, nami nahesabu bila kutaka.
Birkat al-Mauz, Julai, saa nane za usiku,
joto limekaa juu ya dari kama mgeni asiyeaga.

Mgongoni mwa bili ya umeme nimeiandika kwa wino wa kijani:
mbili, izidishe kwa mbili, tena, na tena,
hata mbili sitini na moja zishikane mikono,
kisha toa moja.
Tarakimu kumi na tisa.
Karibu na katikati sifuri mbili zimekaa pamoja,
vikombe vya kahawa vilivyokwisha kunywewa.

Nikaigawa kwa mkono.
Bwana Humaid wa falaji hugawa maji kwa nusu saa nusu saa,
shamba hili, shamba lile, na kila mtu hunung'unika.
Mimi nilikuwa na karatasi tu.
Kwa mbili, ikabaki moja.
Kwa tatu, ikabaki moja.
Kwa tano, moja. Kwa saba, moja.
Kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu,
moja, ile ile,
imesimama mlangoni na viatu mkononi
wenziwe wote wameshapandishwa magari.

Naijua.
Harusini kwa Zamzam, kule Barka,
nilimsubiri dereva mpaka viti vikakunjwa.

Kwa kumi na saba zikabaki kumi na nne!
Nikacheka peke yangu, paka akainua sikio.
Nilikuwa nimeshaanza kuamini.

Kilichosalia ilikimaliza kompyuta ya Muhanna, mpwa wangu,
ikivuma kama nyuki ndani ya kopo:
haigawanyiki, ila kwa nafsi yake, na kwa moja.

Shuleni nafundisha kwa Kiarabu.
Namba ya namna hii naiita awwali, ya mwanzo,
na wasichana wa darasa la nane wanaandika bila kuinua macho.
Kwa lugha ya mama yangu ni namba tasa.
Neno hilo nililisikia jikoni kwa mama mkwe
juu ya mngurumo wa mashine ya kusaga,
akidhani mashine inamficha.
Miaka kumi na tisa sasa. Mtoto wa kwanza wa mke mwenzangu
amekwisha kupata leseni.

Lakini nani kamzaa nani?
Kumi na mbili si ya mbili, na mbili, na tatu?
Ishike namba yoyote yenye ukoo na vishindo,
ifumue mshono kwa mshono:
ndani utawakuta matasa, wamekaa kimya,
wao ndio wazazi.
Sikupata wa kumwambia saa ile.

Ndoo imejaa.
Naimwagia mirihani ya dirishani, narudi kuitega.
Tone la kwanza katika ndoo tupu
lina sauti nyingine kabisa.