Kumbukumbu za Kikao, Kizingo

Pazia lilifungwa, bahari isije ikatupumbaza.
Meza ndefu, bendera mbili ndogo,
chupa kumi na nane za maji
ambayo hayakutoka mto wowote wetu.
Nilipewa kazi ya kuandika. Nikaandika.

Ajenda ya kwanza ilikwama kwenye silabi.
Upande wa juu: "kugawa maji ya Umba."
Upande wa chini: "kugawana."
"Mwenye kugawa ndiye mwenye kisu,"
wakili wa Kwale akasema.
"Haya, tugawane," Bwana Shemdoe akajibu.
"Tuanze na zamu za usiku msituni Shagayu,
baridi, mvua, na misumeno ya watu. Nani anakuja?"
Nikaandika: wajumbe walibadilishana mawazo.

Saa tano, chai na mahamri.
Kule nyuma, karibu na birika,
Mbodze wa Lungalunga akageuka ghafla.
Sauti ile anaijua.
Miaka minne amesoma kipimo cha mto kule chini,
na miaka minne Kaniki wa Mng'aro humtumia kutoka juu
tarakimu mbili, alfajiri,
kwa simu yake, kwa salio lake.
Hawajawahi kuonana.
"Ni wewe? Nilidhani u mtu mzima!"
"Usiku ule wa Aprili nilikupigia mara tatu."
"Ya tatu ndiyo iliyoniamsha.
Tulimbeba mama juu ya mlango.
Mahindi tukayaacha."
Wakafungua madaftari, wakayalaza bega kwa bega:
mita mbili na nusu kwa Kaniki, Jumanne usiku,
mita nne kwa Mbodze, Jumatano.
Maji yaleyale, miandiko miwili.

Hili sikuliandika. Halikuwa kwenye ajenda.

Saa saba mifereji ya hoteli ikakohoa, ikanyamaza.
Ndiyo Mombasa yetu, maji pande zote na ndoo kavu.
Boza likapiga honi uani
mwenyekiti alipokuwa akitamka "uendelevu".
Hakuna aliyecheka. Labda mimi, kidogo.

Jioni, Kisauni, nimepanda ngazi na dumu la lita ishirini,
mkono ukipokezana na mkono,
nikaketi kusafisha nakala.
Mto wenyewe jina lake ni amri: Umba.
Nami bado nimekwama palepale, kalamu hewani:
kugawa, kisha mabano, ndani yake "na".

Nikayafuta mabano,
silabi nikaiacha.
Kesho watanipigia simu.
Wapige.