Ubavu

Theluji imelala juu ya pipa la baba uani,
pipa lililokatwa kwa tindo, likatiwa bawaba, likaitwa jiko
kabla sijazaliwa.
Leo halifunguki. Barafu imeng'ang'ania kifuniko
kama mdai mlangoni.

Nami ninazo mbavu, pande mbili za nguruwe,
Novosel wa buchani amenichagulia,
zimenona kiasi, hazijazidi.

Baba hana meno. Manne ya mwisho yaling'olewa Jumanne,
na tangu siku hiyo bakuli la uji wa mahindi
huletwa, hupoa, huganda, huondolewa.
"Jumapili nyingine sitaiona," anasema,
kwa sauti ya mtu anayesoma bei dukani.
Amekula chumvi nyingi: miaka themanini na minane.
Daktari naye anasema amekula chumvi nyingi,
na huyo hasemi kwa fumbo.

Miaka thelathini na miwili alisimama nyuma ya duka,
Mtaa wa Thelathini na Tisa, Kansas City,
akilisha moto magogo ya hikori,
akituambia oveni ni kabati la masufuria.
Na kwetu masufuria yalilala mle kweli.
Nayatoa moja moja. Anasikia.
"Verdell! Wapika mbavu kabatini?"
"Kabati lina moto, baba."
"Huna ubavu," akasema,
akacheka kidogo, akakohoa sana.

Basi.

Upande wa mifupa, juu. Kuna utando mweupe,
mwembamba, mkaidi, ndugu wa ule
ulioanza kufunika jicho lake la kushoto.
Ingiza mpini wa kijiko, usiingize kisu. Inua.
Shika kwa karatasi, maana unateleza, kisha vuta.
Wangu ulikatika mara tatu.
Wanaouacha hupika kiatu,
na viungo hubaki nje wakibisha hodi.

Haradali, isugue kwa viganja;
ladha yake itapotea, kazi yake ni kuwashika wenzake:
paprika, pilipili manga, unga wa kitunguu saumu,
sukari ya kahawia, bizari nyembamba kidogo,
na chumvi.
Hapo mkono wangu ukasita juu ya bakuli.
Nikatia nusu. Nikafidia kwa siki ya tufaha.

Funga kwa foili, mara mbili, kama mtoto wa Januari.
Moto mdogo. Mdogo kuliko unavyodhani.
Saa nne, bila kuchungulia:
haraka humaliza gesi, haimalizi ugumu.

Saa ya kwanza, hakuna kitu.
Saa ya pili kitunguu saumu kikavuka ukumbi.
Saa ya tatu fimbo ikagonga ukuta:
"Umetia maji?"
"Juisi ya tufaha. Nusu kikombe."
Kimya. Kisha: "Nani kakufundisha?"
Sikujibu. Kila kiangazi nilikaa juu ya kreti la soda
nikihesabu mara anazofunua pipa kabla ya wakati.
Sikuwahi kufika moja.

Saa ya nne fimbo ikaanza kutembea.

Nyama ilikuwa imerudi nyuma, mifupa imechungulia
upana wa ukucha. Nikazipaka mchuzi,
nikazirudisha juu kabisa, chini ya mwali,
dakika tano, mpaka pembe zikaungua kidogo
na sukari ikaanza kunong'ona.

Mvumilivu hula mbivu, wamesema;
mwenye ufizi mtupu
hungoja mbavu zivumilie kwa niaba yake.

Akashika mfupa, akauzungusha mara moja.
Ukatoka mkavu, mweupe, kama kalamu mfukoni.
Akaweka nyama ulimini, akafumba macho.
Mimi nikaitazama theluji, nisimtazame yeye.

"Hazina moshi," akasema.
Akachukua wa pili.
"Siki imezidi."
Wa tatu. Mchuzi ukamfika kidevuni, sikumfuta.

"Jumapili ijayo," akasema,
vidole vikiutafuta wa nne sahanini,
"chukua nyundo, tulivunjie barafu lile pipa."