Ngariba wa Paka

Watoto wa Langoni wamenibandika jina:
ngariba wa paka.
Mimi ni fundi wa friji. Mtego wenyewe
niliuunda kwa rafu za friji ya marehemu Bi Khayrati,
iliyokufa siku tatu kabla yake.

Siku ya mtego huwalishi.
Nyuma ya soko la samaki wananisugua miundi,
wananiita kwa kila sauti waliyonayo,
nami nimeficha mikono kama mdeni.

Kichwa cha nguru kisiwe kibichi.
Kiwe kimelala usiku mmoja, harufu ipige kona yenyewe.
Na mlango ukianguka, kap!, funika leso upesi,
giza humtuliza.
Leso yangu imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE.
Chini yake mgeni ananguruma.

Punda wa Shekuwe hubeba mitego miwili kila upande.
Punda haulizi.
Kwa Daktari Nyevu ni sindano, usingizi,
kisu kidogo, nyuzi mbili,
halafu ncha ya sikio la kushoto inaondoka.
Hicho ndicho cheti. Ukimwona ukutani usiku
na sikio limepungua, mwache,
huyo kamaliza.
Kesho yake namrudisha nilipomtoa.
Si mtaa wa pili. Palepale.

Kabla ya mtego kulikuwa na sumu.
Famau wa bucha aliitia kwenye utumbo wa mbuzi,
tukaokota kumi na saba kwa koleo,
mmoja bado akitikisa mguu.
Mwezi uliofuata panya walitoboa magunia ya Famau,
na paka wengine wakashuka kutoka Wiyoni
kukaa palipoachwa wazi.
Famau sasa ndiye anayeniwekea vichwa vya nguru.
Hatujawahi kulizungumza.

Bi Mwanamkuu, juu ya daka lake, hakubali.
"Kumfungia kiumbe kizazi! Wewe huogopi?"
Simjibu.
Kila masika ni yeye anayeviokota vile vitoto,
macho yamegandamana kwa usaha,
akavizika nyuma ya jiko ndani ya mikebe ya siagi.
Hesabu anaijua kuliko mimi.

Alibaki mmoja. Tunamwita Shangazi.
Miezi saba ameniaibisha:
hunyoosha mkono, huchomoa samaki,
huulamba mlango kwa dharau akaenda zake.
Jumanne akaingia. Sijui kwa nini.
Njaa, labda, maana alikwenda hadi mwisho wa mtego
bila kutazama nyuma.

Daktari Nyevu alipompapasa tumboni akanyamaza.
Manyoya yamelika pembeni mwa chuchu,
na tone la maziwa likasimama kwenye glavu yake.
"Ana watoto mahali. Mrudishe. Sasa hivi."

Sikumngoja punda.
Nilikimbia na mtego kifuani, leso ikiniparamia usoni,
watu wakijibana ukutani kunipisha,
wavulana wakipiga kelele: ngariba kaibiwa kisu!

Nilipofungua hakukimbia.
Alitembea mbele yangu kama mwenye nyumba,
akaingia gofu la pale nyuma ya kisima,
nami nyuma yake, viatu mkononi.
Ukuta wa ndani una zidaka bado,
chokaa iliyochongwa, safu juu ya safu,
palipopangwa sahani za kaure za bibi harusi fulani
ambaye hakuna anayekumbuka jina lake.
Kidaka cha chini kabisa: vinne,
vimelaliana,
kimoja chenye doa la kutu kama sahani iliyopasuka.
Shangazi akajikunja juu yao akanitazama,
masikio yote mawili mazima.

Nikamwambia wiki sita.
Nilimwambia kwa adabu, kama mtu anayedai kodi.

Asubuhi nikakuta mlangoni pangu bakuli la mchuzi wa changu,
na Bi Mwanamkuu ameshafika hatua tatu akienda.
"Ya mzazi," akasema bila kugeuka.
Kisha akasimama, akashusha sauti,
nisijue anamsema mzazi au mwizi:
"Arubaini yake lini?"