Digrii Kumi na Saba

Mimi ndiye Kadzo, naingia pale wenye mabega hawaingii:
nyuma kabisa ya boti, chini ya sitaha,
ambapo shafti ya usukani inashukia gizani
na dizeli ya mwaka jana bado inanuka.
Kichwa, kisha mkono mmoja, tochi mdomoni.
"Waona nini?" aniuliza Rubani Msellem kutoka juu.
Naona kutu. Naona mende. Naona mahali pa kazi.

Amenunua mkono wa chuma, jeki ya mafuta na mota yake,
uliolala forodhani wiki tano
kama mgonjwa asiye na ndugu.
Bega lake la kulia halipandi tena.
Miaka thelathini na moja aliingiza meli Kilindini,
za ngano, za magari, za klinka,
akisimama kando ya manahodha wa watu, akisema polepole:
kushoto kidogo. Shika hapo hapo.
Sasa naye anataka wa kumshikia.

Mota hii haina adabu.
Ukiifunga kwenye plaiwudi, itaondoka na plaiwudi.
Kwa hiyo nilianza na ubao wa mvule,
faibaglasi tabaka saba, gundi hadi kwenye nyusi,
bolti nne zilizopenya kiunzi chenyewe
na sahani ya chuma upande wa pili.
Usukani ukiwa katikati, pembe iwe mraba;
nilipima kwa kigae kilichobaki jikoni kwangu.
Kisha vizuizi: usukani ugonge kizuizi chake
kabla jeki haijafika mwisho wa pumzi,
la sivyo itajivunja usiku, nawe umelala.
Tundu la tatu nililikosea.
Nikaliziba, nikatoboa tena. Sikumwambia.

Jumanne, maji yamejaa, tukatoka Mbaraki,
tukaipisha feri ya Likoni na umati wake,
akabonyeza kitufe, akaachia gurudumu.
Likazunguka lenyewe.
Akarudisha mikono nyuma
kama mgeni katika nyumba yenye vyombo vya kauri.
Lakini boti ikaenda pogo.
Tuliiagiza mia na ishirini, nayo ina lake.
Digrii kumi na saba, upande ule ule,
mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano.

Nikakagua waya, fyuzi, betri.
Nikatoa simu mfukoni, nikaiweka mbali.
Mwishowe nikainua godoro la kitanda cha kushoto,
jirani na pale nilipofunga dira ya umeme,
na chini yake, ndani ya leso iliyofifia jina,
mbuzi ya nazi.
Miguu imekunjwa. Ulimi wa chuma,
meno mawili yamekwisha kwa kukuna.

"Ya Mwanatumu," akasema.
Hakusema marehemu.
"Nazi ya paketi hakuitaka,
hata mawimbi yakitupindua sufuria."
Nikamwambia: chuma hiki kinavuta dira, lazima kitoke.
Akaitazama feri ikivuka, ikajaa, ikavuka tena.
"Hamisha dira," akasema.

Basi nikahamisha dira.
Mita nne za waya mpya, hadi kabati la vikombe,
katikati ya boti, juu ya mkuku.
Saa tatu. Sikuziandika kwenye risiti.

Alhamisi tukatoka tena.
Mia na ishirini ikawa mia na ishirini.
Chini ya miguu yetu mota ikinong'ona, ikinyamaza,
ikinong'ona kidogo, kama mtu anayehesabu fedha za wenyewe.
Rubani hakujua mikono yake aiweke wapi.
Akashuka. Akapanda na leso kwapani,
akafungua mbuzi, akaikalia pale penye upepo,
na nazi iliyopasuliwa, kwa mkono wa kushoto,
akaanza kukuna.

Anakuna vibaya. Vipande vinene, vifuu vimo.
Sikusema neno.
Nami nilikuwa na tundu langu la tatu.