Jina Likiitwa Usiku

Saa kumi alfajiri, Tromsø, mwezi wa kwanza.
Jua halijaonekana tangu Novemba.
Mvua inanyesha, na ikigusa lami inageuka kioo.
Magari ya mchanga yamejipanga gereji, taa zinawaka,
madereva wanakunywa kahawa wakingoja karatasi ya zamu.
Karatasi haitoki.

Torunn Hauklien, koti juu ya nguo za kulalia,
anausoma tena mstari mwekundu:
ngeli haikupatikana.

Nasema ngeli, maana sina neno tamu zaidi.
Ngeli ndiyo huamua kitu kiseme ki- au li-,
kitembee vipi, kikiulizwa kijibu nini.

Programu haikuambiwa mapema itamwita nani.
Oddvar aliiachia pengo:
kila alfajiri ipokee neno kutoka kituo cha hali ya hewa,
ilitangulizie neno Mpango,
kisha ipite ghalani ikipiga hodi kwa jina hilo.
Theluji, huitika. Upepo, huitika. Ukungu, labeka.
Jina ni herufi tu mpaka liitikiwe.

Miaka kumi na mmoja hakuna aliyeita mvua ya barafu.
Leo imeitwa.
Kimya.

Anafungua ghala kwa mkono, faili baada ya faili,
na anaikuta imelala, nzima,
tarehe ya Oddvar kwenye paji la uso.
Ipo! Basi mbona haiitiki?

Anampigia. Mlio wa pili tu: "Naam."
Kastaafu, lakini mvua ya paani ilishamwamsha.
"Siku zile mashine ilikuwa ikipaliwa na ø yetu,
lile duara lenye mkwaju.
Nikaandika o, nikaandika e, zikae bega kwa bega badala yake.
Nilisema nitarekebisha Jumatatu."

Jumatatu ipi, Torunn hakuuliza.

Angeweza kubadilisha jina. Hakubadilisha.
Humpi mtu jina jipya saa kumi usiku
kisha ukamtuma kazi papo hapo.
Aliongeza mstari mmoja: akiitwa huyu, aje yule.
Akaita.

Pasipokuwa na kitu pakawa na kitu,
nacho kilijua daraja lipi lianze,
mteremko upi upewe mchanga mara mbili,
na kichochoro kimoja kule Kroken
ambacho hakimo katika orodha yoyote ya manispaa.
Kando yake, maneno matatu ya Oddvar:
Mama hupita hapa.

Mama yule walimzika miaka sita iliyopita.
Torunn alikuwepo, alishika mwavuli.
Kidole kilikaa juu ya kitufe cha kufuta,
kikakaa, kikaondoka.

Karatasi ikatoka ingali na joto.
Gari la tatu likakata kona, likamwaga mchanga
mbele ya nyumba anayopanga sasa muuguzi kutoka Vilnius,
ambaye alifungua mlango, begi begani,
akaijaribu njia kwa ncha ya kiatu,
akaenda zake.