Eda ya Chokaa

Pipa lilifika kabla ya hitima.
Mama aliliagiza mwenyewe, kwa sauti ndogo, nyuma ya pazia:
mawe mabichi ya tanuri, maji mpaka shingoni,
kifuniko cha bati, tofali juu yake.
Likachemka uani siku mbili kama sufuria ya shughuli,
kisha likanyamaza.

Miezi minne na siku kumi
mjane yumo ndani, chokaa imo majini,
wote wawili hawatoki, hawafukizwi udi.
Nikipita na ndoo nilikuwa naliamkia lile pipa,
sijui kwa nini.

Eda ilipokwisha mama akakoga, akavaa kanga mpya,
akasema: niitieni fundi.

Akaja Fundi Mize kutoka Kikwajuni, ngazi begani,
mwanamke mfupi, mikono imepauka hadi viwikoni.
Akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza
kama daktari na kifua cha mtoto.
“Nani kakupakieni rangi hii ya mafuta?”
Tukatazamana.
Baba, mwaka alipouza karafuu za Mtambwe,
makopo manane ya buluu, Sokomuhogo nzima ikaja kutazama.
“Jiwe hili linavuta pumzi. Nyinyi mmeliziba pua.”
Kweli. Kila masika ukuta wetu ulitoka chumvi
kama kwapa la mchukuzi.

Siku tatu tukakwangua.
Buluu ikatoka magamba magamba, kama ya changu.
Chini yake kijani cha harusi yangu.
Chini yake waridi iliyofifia, hakuna aliyekiri kuipaka.
Chini yake, karibu na kidaka, hesabu kwa penseli:
mchele pishi mbili, Sharifa hajalipa.
Sharifa gani?
Mama akacheka, hakutaja.
Vumbi likatutia mvi sote,
Khelef akapiga chafya hadi boriti zikajibu.

Pakabaki nyuma ya kitanda.
Doa.
La mviringo, kimo cha mtu aliyekaa,
weusi wa mafuta ya nazi,
miaka arubaini na miwili ya kichwa kimoja
kikiegemea baada ya isha
kusikiliza redio, na kubishana nayo.

Fundi akalikwangua, akalisugua kwa magadi na maji ya moto.
Akapaka mkono wa kwanza, chokaa nyepesi kama tui la pili,
na nili kidogo, ncha ya kijiko.
Chokaa mbichi haionekani.
Ukuta unakaa kama haukuguswa, unaweza kumtilia fundi shaka,
usiku unafikiri,
asubuhi unaamka mweupe.
Kuta zote zikaamka nyeupe.
Doa likaamka nazo.

Mkono wa pili. Doa.
Mkono wa tatu, mzito. Doa,
rangi ya chai ya maziwa sasa, lakini lipo,
linatutazama.

Fundi Mize akashuka, akajifuta.
“Mafuta na chokaa havioani. Nibandue lipu hapa, nipige upya.
Nusu siku tu.”
Khelef akasema bandua.
Mimi sikusema kitu.
Mama kasimama mlangoni, upindo wa kanga mdomoni,
nikadhani atalia.

“Kaidi,” akasema.
“Tangu lini huyu akaambiwa jambo mara tatu akasikia?”
Akaingia, akashika kitanda kwa tendegu.
“Nisaidieni basi, msisimame kama nguzo.”

Tukasukuma.
Fundi akalipwa, akakataa kulipwa mkono wa tatu.
Chokaa iliyobaki jirani alikuja na ndoo.

Usiku nikapita na taa.
Chumba kinanuka mvua ya kwanza.
Redio inasoma bei ya karafuu.
“Uongo,” mama anaijibu,
kaegemea upande ambao si wake.