Maksai wa Mnarani

Siku ya tatu, saa kumi kasorobo,
Pijo ya mama ilikataa mlima.
Ilitutoa Perpignan bila kunung'unika,
ikameza mvua ya Limoges,
ikameza foleni ya Orléans na matusi ya Firmin,
na sasa, mji ukiwa juu yetu kama kofia,
ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza.
"Imefika kwao," nikasema. "Haitaki waione ilivyochakaa."
Firmin hakucheka. Kilomita mia tisa
aliendesha yeye, mimi nikisoma ramani
iliyochanika pale pale tulipohitaji kupita.

Laon. Herufi nne, sauti moja.
Mama aliitamka puani, upesi,
kama mtu aliyetoneshwa kidonda mbele ya wageni.
Aliondoka hapa na miaka kumi na tisa na sanduku moja,
asirudi, hata kuzika.
Alichoturithisha ni kisa kimoja:
kwamba kwao ng'ombe huishi juu ya kanisa.
Niliwahi kukisimulia shuleni.
Darasa zima lilinililia mooo
mpaka Pasaka.

Tukapanda ngazi kwa miguu.
Nilihesabu hadi mia mbili, hesabu ikanipotea.
Bondeni malori yalisomba viazisukari,
tope likidondoka barabarani,
na harufu tamu, iliyochacha kidogo,
ikatusindikiza hadi langoni.
Mawe ya njia yamelainika
kama sabuni iliyobaki kipande.

Nyumba namba saba tuliipata. Ni ya daktari wa meno.
Dirishani mtu amelazwa, kinywa wazi, macho darini.
Labda ni dari ile ile aliyoikodolea mama
usiku wa kuamkia safari.
Firmin akaweka kiganja ukutani,
akakiondoa haraka, kama aliyegusa sufuria.

Mwanamke wa duka la jibini,
Ghislaine, kwa mujibu wa aproni yake,
akatuuliza tunamtafuta nani.
"Huguette Vasseur. Aliishi hapa zamani."
Akafikiri kwa adabu. Akatikisa kichwa.
Akatukatia kipande kinachonuka zizi,
akakataa pesa.
"Zamani ni kubwa," alisema,
akarudi kufuta kisu chake.

Kisha kona, na kanisa likatuzukia
bila hodi.
Shingo ikaniuma kwa kutazama.
Kule juu, mahali pa malaika, si malaika:
maksai. Wa mawe, wenye pembe,
wamechomoza vichwa kati ya nguzo za minara
wakitazama tambarare
kama wanaongoja kufunguliwa nira.
Mimi nilihesabu kumi na sita. Firmin, kumi na wanne.

Wenyeji husema ndio waliovuta mawe haya
kutoka bondeni, mwaka hata mwaka,
na waashi walipomaliza
waliona haya kushuka hivi hivi.
Shukrani ya punda tunaijua sote.
Ya maksai sikuwahi kuiona imechongwa,
tena ikainuliwa karibu na mawingu.

Mama alisukuma mkokoteni wa mashuka machafu
hospitalini, miaka thelathini na mmoja.
Siku ya kustaafu walimpa saa ya mezani.
Haikwenda hata dakika moja.
Aliiweka juu ya kabati, akaipangusa vumbi
kila Jumamosi.

"Hakuwa mwongo," Firmin akasema.
Hakusema lingine mpaka chini.

Giza lilitukuta kwenye ngazi, na kiu.
Chupa ya maji ilikuwa moja.
Alifungua boneti, akangoja,
mkono mmoja juu ya bati lenye joto,
kisha akaimimina yote,
polepole, hadi tone la mwisho,
bila kunitazama.

Nikalamba jibini vidoleni.
Juu, taa za kanisa zikawashwa.
Nikahesabu tena.
Kumi na tano.